Mashindano ya Maswali Chuoni: Tuyaandae Namna Gani?



Likizo iliyopita kijana mmoja wa chuo cha ualimu alifika kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama tunachokitembelea. Alikuwa na barua yenye mhuri wa chuo. Wanafunzi walikuwa wanaomba mchango ili waandae mashindano ya maswali na majibu. Mama mwenyekiti aliisoma barua mara mbili, akaiweka mezani, akasema: "Mpira tunaujua. Kwaya tunaijua. Sasa pesa ya kikundi iende kununulia watu maswali?"

Watu walicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Mama mwekahazina naye alitaka kujua pesa hizo zitafanya kazi gani, na nani atazihesabu. Kijana alijaribu kueleza akashindwa, kwa sababu hata yeye alikuwa hajawahi kuyaona mashindano yenyewe.

Kikundi kilituomba tueleze, na tumeona heri tuwaeleze wote. Tena tuna deni. Wakati mmoja tuliwahi kusaidia kuandaa mashindano kama hayo, tukafanya kosa ambalo lilimwumiza mtoto wa watu. Kosa hilo tutalisimulia hapa chini bila kuficha.

Mchezo huu ulitoka wapi?

Kushindana kwa maswali si jambo geni kwetu. Nani hakutegewa vitendawili na bibi yake jioni? Lakini mashindano ya vyuo yenye timu, pointi na kengele yalipata umbo lake kule Marekani. Mwaka 1953 mchezo ulioitwa College Bowl, uliobuniwa na Don Reid, ulianza kutangazwa kwa redio. Ulipendwa sana, ukahamia kwenye televisheni kuanzia mwaka 1959 hadi 1970. Uingereza waliuchukua mchezo huo huo mwaka 1962 wakauita University Challenge. Baadaye wanafunzi wenyewe waliendelea kuucheza madarasani siku za Jumamosi, bila kamera na bila mdhamini, na mpaka leo bado wanaucheza hivyo.

Huku kwetu wengi waliuona kuanzia mwaka 2007, kampuni ya simu ya Celtel ilipodhamini mashindano ya vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Aliyekuwa akiuliza maswali kwenye televisheni ni Mkenya mwenzetu, John Sibi-Okumu. Mwaka 2008 Celtel ilibadilishwa jina ikawa Zain, na mashindano nayo yakabeba jina hilo. Siku hizi hayapo tena, lakini mtindo wake vijana wanaukumbuka.

Unachezwaje?

Timu mbili hukaa zikitazamana, kila moja ina wachezaji 4. Mbele yao yuko msomaji wa maswali, na kando yake mwandishi wa pointi. Maswali ni ya aina mbili.

La kwanza ni swali la kinyang'anyiro. Hili ni la wote. Anayejua anabonyeza kengele hata kama swali halijaisha, na msomaji anakoma hapo hapo. Aliyebonyeza anajibu peke yake, bila kunong'onezwa na wenzake. Akipata, timu yake inapewa pointi 10. Akikosa kabla swali halijaisha, katika sheria nyingi timu inakatwa pointi 5, na wenzao wa upande wa pili wanasomewa swali mpaka mwisho. Kwa hiyo ukiwa na haraka bila kujua, unaadhibiwa.

La pili ni swali la ziada. Timu iliyopata kinyang'anyiro hupewa maswali madogo 3 ya jambo moja, pointi 10 kwa kila moja. Hapa wanaruhusiwa kushauriana, kisha kapteni anatoa jibu. Mchezo wa kawaida una vinyang'anyiro 20.

Mtaona kwamba mchezo huu unampima mtu peke yake na pia unapima kikundi. Yupo anayejua historia, yupo wa sayansi, yupo wa fasihi na yupo wa dini. Timu ya watu wanne wanaojua jambo moja hushindwa na timu ya watu wanne wanaojua mambo manne.

Kosa letu

Miaka michache iliyopita tuliombwa tuwe walezi wa mashindano katika chuo kimoja. Kila kitu kilionekana sawa. Maswali tuliyaandika kwa mkono, tukayapeleka kupigwa chapa katika duka moja sokoni. Tulichukua nakala zetu tukaenda zetu. Karatasi zilizoharibika tukaziacha kwenye kikapu cha takataka pale pale dukani. Kumbe kijana aliyefanya kazi dukani humo alikuwa ndugu wa mchezaji mmoja.

Ilipofika raundi ya tano, timu moja ilianza kubonyeza kengele kabla msomaji hajamaliza hata mstari wa kwanza. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Timu nyingine zikanung'unika. Mtu mmoja akakumbuka lile duka. Kwa dakika chache ukumbi wote ulikuwa umesimama na kupiga kelele, na sisi tukasimamisha mashindano.

Huyo ndugu wa dukani aliapa kwamba hakuona wala hakutoa karatasi yoyote. Mchezaji mwenyewe aliapa vile vile. Hadi leo hatuna ushahidi kwamba waliiba, wala hatuna ushahidi kwamba hawakuiba. Huenda vijana wale walikuwa wamesoma vizuri tu. Mchezaji huyo alikuwa mtoto wa mjane, na kikundi cha kijijini kwao ndicho kilichomchangia karo. Alirudi nyumbani akiitwa mwizi. Tulirudisha ada za timu zote, tukaomba msamaha mbele ya chuo, tukasema kosa la karatasi lilikuwa letu. Mwaka uliofuata mashindano yalifanyika tena. Wenzake watatu walirudi kucheza. Yeye hakurudi.

Msidhani mambo haya ni ya kwetu peke yetu. Kule Marekani, mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Harvard kilinyang'anywa ubingwa wa taifa mara nne ilioupata katika miaka ya nyuma. Iligunduliwa kwamba mchezaji wake mmoja, ambaye pia alikuwa mwandishi wa maswali, alikuwa amefungua kurasa za kompyuta zilizoonyesha mwanzo wa maswali. Waandalizi walisema wazi kwamba hawana ushahidi kuwa alitumia aliyoyaona. Lakini njia ya kuona ilikuwepo, na hiyo ilitosha. Shaka ikishaingia, hata msafi hawezi kujisafisha. Wekahazina wetu wanalijua jambo hili vizuri.

Hatua za kuandaa

*1. Kamati na ruhusa.* Anzeni miezi mitatu kabla. Chagueni kamati ndogo ya watu watano hivi: mwenyekiti, katibu, mwekahazina, mkuu wa maswali na mkuu wa vyumba. Mwandikieni mkuu wa chuo barua ya kuomba madarasa, na mpate jibu lake kwa maandishi. Chagueni Jumamosi isiyo na mitihani wala mazoezi ya kufundisha. Mkuu wa maswali asiwe na mtoto, ndugu wala mwanafunzi wake katika timu yoyote.

*2. Nani ataruhusiwa kucheza?* Andikeni mapema. Chuo kimoja kinaweza kuleta timu ngapi? Walimu wanaruhusiwa? Mwaka 1975 kule Uingereza timu ya Manchester ilikasirishwa na sheria iliyoruhusu kila koleji ya Oxford na Cambridge kuleta timu yake, huku vyuo vikuu vingine vikipewa timu moja tu. Basi vijana hao walikaa mbele ya televisheni wakajibu maswali kwa kutaja "Marx", "Lenin", "Trotsky" au "Che Guevara", hata kama waliulizwa jambo lingine kabisa. Watu wakionewa na sheria, wataharibu mchezo.

*3. Hesabu ya timu na vyumba.* Hapa wengi hukwama. Njia ya haki zaidi ni kila timu icheze na kila timu nyingine, kwa sababu ukitumia mtoano, timu iliyosafiri saa nne inaweza kurudi nyumbani baada ya nusu saa. Timu 8 zikicheza hivyo ni michezo 28, yaani raundi 7 katika vyumba 4. Timu 12 zingekuwa na michezo 66, na hiyo haiwezekani kwa siku moja. Basi zigaweni makundi mawili ya timu 6, kila timu icheze mara 5, halafu mbili za juu za kila kundi ziingie nusu fainali.

Kupanga nani acheze na nani ni rahisi kuliko inavyoonekana. Wekeni viti 8 katika safu mbili za viti 4 vinavyotazamana. Kila kiti ni timu. Wanaotazamana ndio wanaocheza. Raundi ikiisha, timu ya kiti cha kwanza inabaki hapo hapo, na zile nyingine 7 zote zinasogea kiti kimoja kwa kuzunguka. Baada ya raundi 7 kila timu itakuwa imekutana na kila timu. Mkiwa na timu 7, acheni kiti kimoja kitupu; anayekitazama anapumzika raundi hiyo. Jaribuni hata sasa hivi kwa mawe au maharagwe.

*4. Maswali.* Hii ndiyo kazi kubwa. Raundi 7, fainali moja na seti moja ya akiba ni seti 9. Kwa vinyang'anyiro 20 kila seti, hayo ni maswali 180. Mkiongeza maswali ya ziada, ni maswali madogo mengine 540. Kwa mara ya kwanza tunashauri mwache yale ya ziada. Gaweni kazi kwa walimu na wanafunzi wasiocheza, kila mmoja na somo lake, na kila seti iwe na mchanganyiko ule ule wa masomo.

Swali zuri la kinyang'anyiro huanza na dokezo gumu na kumalizia na dokezo rahisi. Anayejua sana atajibu mapema, anayejua kidogo atangoja. Mfano:

"Mtu huyu alisomea biolojia katika chuo cha masista Wabenedikto kule Kansas, akamaliza mwaka 1964. Alipata shahada ya udaktari Nairobi mwaka 1971. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jengo refu ndani ya Uhuru Park. Mwaka 1977 alikuwa ameanzisha harakati za kupanda miti zilizowapa kazi akina mama wengi wa vijijini. Taja jina la mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka 2004."

Jibu: Wangari Maathai. Angalieni: kila sentensi inamhusu yeye tu, na hata mama asiyesoma sana atalipata mwishoni.

Swali baya ni lenye majibu mawili. Ukiuliza "Jomo Kenyatta alizaliwa mwaka gani?" umetafuta vita, kwa sababu mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani kwa uhakika na vitabu vinatofautiana. Ukiuliza "Ziwa Victoria liko nchi gani?" umekosea, kwani liko Kenya, Uganda na Tanzania. Jihadharini pia na vitabu vilivyozeeka. Kitabu cha zamani kitasema sayari ni 9, lakini tangu mwaka 2006 wanasayansi hawaihesabu tena Pluto kati ya sayari, na zimebaki 8. Kitasema Kenya imegawanywa katika mikoa 8, na leo tuna kaunti 47. Kila jibu lihakikishwe katika vitabu viwili, na watu wawili wasome kila swali kwa sauti.

*5. Siri.* Tulijifunza kwa machozi, kwa hiyo shikeni haya. Maswali yajulikane na watu wachache, na kila mmoja aweke sahihi kwamba amepokea na kwamba hana mtu wake katika timu. Pigeni chapa mahali ambapo mtabaki mmekaa mpaka kazi iishe. Karatasi zilizoharibika zichomwe siku hiyo hiyo. Faili lifutwe kwenye kompyuta ya watu. Kila seti iwekwe katika bahasha yake, ifungwe kwa gundi, na sahihi ipite juu ya mfuniko. Bahasha zifungiwe kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo kwa mtu mmoja na sanduku kwa mwingine. Kila bahasha ifunguliwe mbele ya wachezaji, raundi yake ikifika.

Jambo lingine: katika raundi moja vyumba vyote vinasoma seti ile ile. Hivyo kila timu inapimwa kwa kipimo kimoja. Lakini maana yake ni kwamba hakuna anayetoka chumbani kabla mchezo wake kwisha, na simu zote zikae mezani zikiwa zimezimwa.

*6. Watu na vifaa.* Kila chumba kinahitaji msomaji na mwandishi wa pointi. Vyumba 4 ni watu 8, na wawili zaidi wa meza kuu. Wafundisheni Ijumaa jioni kwa kuwasomesha seti ya mazoezi. Msomaji mzuri anasoma kwa mwendo mmoja, haonyeshi jibu usoni, na anajua kutamka majina. Kuhusu kengele, fundi wa redio anaweza kutengeneza kisanduku chenye swichi na taa, ambapo taa ya aliyebonyeza kwanza ikiwaka, nyingine haziwaki. Kama hamna, au stima ikipotea, tumieni kengele mbili za baiskeli zenye milio tofauti na mtu mmoja wa kuangalia mikono.

*7. Ratiba.* Raundi moja pamoja na kuhama vyumba huchukua kama dakika 40. Mkianza saa tatu asubuhi, raundi 7 na saa moja ya chakula zitaisha saa nane na dakika 40 mchana. Fainali saa tisa, zawadi saa kumi kasoro, na wa mbali watapata matatu kabla ya giza. Msiseme "saa tatu" mkianza saa tano. Saa mbili mlizopoteza asubuhi ndizo zitakazoua fainali.

*8. Malalamiko.* Yatakuwepo. Msibishane katikati ya mchezo. Mwandishi aandike namba ya swali, jibu lililotolewa na lililokataliwa, kisha mchezo uendelee. Ukiisha, kama pointi hizo haziwezi kubadilisha mshindi, jambo limekwisha. Kama zinaweza, kamati ya watu watatu wasio na timu iangalie vitabu na kuamua, na uamuzi wao ni wa mwisho. Timu zikilingana, ziongezewe maswali matatu kutoka seti ya akiba.

Pesa

Hapa ndipo mwekahazina anapoamka. Tuchukue mfano. Timu 8 zikilipa shilingi 1,000 kila moja, mnapata shilingi 8,000. Chakula cha wachezaji 32 na wafanyakazi 10, kwa shilingi 150 kila mtu, ni shilingi 6,300. Karatasi na kupiga chapa 2,000. Zawadi 3,000. Jumla ni shilingi 11,300. Pungufu ni shilingi 3,300.

Barua ya kuomba mchango inapaswa kuonyesha hesabu hiyo na kuomba hizo 3,300 tu. Barua inayosema "tunaomba msaada wowote" bila hesabu, irudisheni kwa upole iandikwe upya. Kikundi kinaweza pia kutoa kitu badala ya pesa: gunia la mahindi na maharagwe ya githeri, maziwa ya chai, au akina mama wawili wa kupika. Baada ya mashindano wanafunzi walete stakabadhi na hesabu iliyosomwa mbele ya watu. Akisoma mwanafunzi mwenyewe, atakuwa amejifunza kazi ambayo hakuna mtihani unaoifundisha.

Je, kuna faida?

Tumewaona wasichana waliokuwa hawanyanyui mkono darasani wakibonyeza kengele mbele ya ukumbi mzima. Tumewaona vijana wakisoma gazeti kuukuu lililofungiwa nyama, kwa sababu huenda kuna swali ndani yake. Mtu akiyapenda maarifa hata pale ambapo hakuna mtihani, huyo ndiye mwalimu mtakayemtaka kwa watoto wenu. Lakini faida hiyo inategemea haki. Mashindano yenye shaka ni afadhali yasifanyike.

Mama mwenyekiti aliposikia haya yote alinyamaza kidogo, kisha akamwambia yule kijana: "Nenda utuletee hesabu. Na utuambie hizo karatasi mtazichapa wapi." Kikundi kilikubali kutoa maharagwe debe moja.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kikundi chetu kikipata barua kama hiyo, tutaomba kuonyeshwa mambo gani kabla ya kutoa mchango?

2. Je, tumewahi kumwita mtu mwizi bila ushahidi? Tulifanya nini baadaye?

3. Katika kazi zetu wenyewe, kama kura, mzunguko wa pesa au kugawa mbegu, ni "karatasi" gani tunaziacha ovyo mahali ambapo zinaweza kuleta shaka?